Filamu zetu zimefika Cannes, mbona hazijafika Wamaza?

Ndugu wasikilizi, na ninyi mama zetu na baba zetu muliokimbia vita na ambao sasa munalala katika nyumba za watu au chini ya bashi, leo ninaandika juu ya mtu wa sinema. Najua kuko watakaosema: huyu muandishi amekosa habari? Barabara ya Kabambare imeoza, chumvi imepanda bei, watoto wamefukuzwa shuleni, na yeye anatuletea mambo ya sinema! Musome kwanza mpaka mwisho. Habari hii inawahusu ninyi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ni habari ya watu kama ninyi, na ya nani ana haki ya kuwaonyesha, kwa nani, na kwa faida ya nani.

Mtu huyo anaitwa Dieudo Hamadi. Si mzungu aliyekuja na ndege ya mashirika. Alizaliwa Kisangani mwaka 1984. Kisangani si ugenini kwetu: maji ya Lualaba yanayopita upande wetu wa Kasongo na kushuka Kindu, ndiyo hayo yanayofika Kisangani. Alianza kusoma udaktari kwenye chuo kikuu cha kule. Kisha akashika kamera. Alijifunza kazi katika semina, kwanza Kisangani, kisha Kinshasa, na hakurudi tena kwenye sindano.

Tuangalie kazi yake, moja kwa moja, na kila mtu ajiulize kama haya si mambo ya kwetu.

Mwaka 2010 filamu fupi mbili zake zilionyeshwa Berlin, Ujerumani, ndani ya mkusanyo mmoja na kazi za vijana wengine wa Congo. Moja, aliyoifanya pamoja na mwenzake Divita Wa Lusala, inaonyesha akina mama wa Kinshasa waliozaa salama lakini wamezuiliwa hospitalini kwa sababu hawana pesa ya kulipa. Mama analala pale na mtoto wake, siku zinapita, deni linabaki. Ni nani hapa Wamaza au Kasongo ambaye hajasikia habari kama hiyo, au hajauza kuku na kikwembe ili kumtoa mzazi? Filamu ya pili inazungumzia kubakwa kwa wanawake upande wa mashariki, na polisi wanaojaribu kufuata mambo hayo.

Mwaka 2013 akatoa « Atalaku ». Ni habari ya mchungaji wa Kinshasa ambaye wakati wa uchaguzi wa 2011 aligeuka kuwa mpiga kelele wa wanasiasa: anatafuta watu wa kushangilia, anatafuta wanamuziki, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kufuatana na mfuko. Ninyi muliovaa tishati za vyama vitatu katika mwezi mmoja, munajua tunasema nini.

Mwaka 2014 akatoa « Examen d'État ». Alirudi nyumbani Kisangani na kufuata wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Wanafukuzwa darasani kwa sababu wazazi hawakulipa primu ya walimu. Basi wanajikusanya katika nyumba moja, ile tunayoiita maki, wanakula pamoja, wanasoma usiku, wanaombewa na wachungaji, na wanatafuta njia zote za kupata diplome, za wazi na za kificho. Finaliste yeyote wa Kasongo au Kabambare angeiona hiyo filamu angesema: huyu alinipiga picha mimi.

Mwaka 2017, « Maman Colonelle ». Honorine Munyole, afisa wa polisi ya kulinda akina mama na watoto, anahamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Anakuta watoto wanaoteswa kwa kusingiziwa uchawi. Anakuta akina mama waliobakwa na kuachwa wajane wakati wa vita, ambao kwa miaka mingi hakuna mtu wa serkali aliyewauliza hata neno moja. Filamu hii ilipewa zawadi kubwa ya Cinéma du réel kule Paris. Mwaka uliofuata akatoa « Kinshasa Makambo », juu ya vijana waliotoka barabarani kudai uchaguzi na kumtaka Rais Kabila aondoke muhula wake unapokwisha.

Kisha mwaka 2020, « En route pour le milliard ». Hii ndiyo inanifanya niandike leo.

Musikilize vizuri. Tarehe 5 mwezi wa 6 mwaka 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, yote mawili wageni katika nchi yetu, yalipigana katikati ya mji wa Kisangani. Walipigana siku sita, mpaka tarehe 10. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inayoitwa Mapping, iliyotoka mwaka 2010, inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa ni zaidi ya 1000. Wengi walikatwa miguu na mikono. Dieudo alikuwa kijana wa miaka 16. Mwaka 2005, tarehe 19 mwezi wa 12, Mahakama ya kimataifa ya La Haye ilisema wazi kwamba Uganda ilivunja sheria na inapaswa kulipa. Watu wa Kisangani wakangoja. Wakangoja tena. Miaka ikapita, watoto wakakua, magongo yakaoza.

Mwishoni, waathirika wenyewe wakaamua. Walikuwa na chama chao, na orodha yao, na viongozi wao. Wakachanga, wakapanda chombo cha mto, wakashuka karibu kilometa 1700 mpaka Kinshasa kudai haki yao kwa wakubwa. Watu wasio na miguu, wenye miguu ya bandia inayowaumiza, chini ya turubai, mvua ikiwanyeshea, chakula kidogo. Dieudo akaenda nao na kamera yake. Walipofika Kinshasa ilikuwa mwaka 2018, wakati wa uchaguzi, na wakubwa walikuwa na mambo mengine. Walikaa mbele ya milango ya Bunge. Milango haikufunguliwa. Wenyewe walikuwa na mchezo wao wa tiyatro, ambamo wanaigiza mateso yao, na filamu inachanganya mchezo huo na safari. Wanasema Lingala na Kiswahili, Kiswahili chetu hiki, bila kusafisha maneno ili mgeni apendezwe.

Filamu hiyo ilichaguliwa kwa Cannes mwaka 2020, ya kwanza ya Congo kuingia katika orodha rasmi ya mkutano ule mkubwa wa sinema wa Ufaransa. Mwaka ule korona ilizuia mkutano wenyewe, lakini jina lilibaki. Magazeti ya Ulaya yaliandika. Wazungu walilia katika viti vyao vizuri.

Na sisi? Nimeuliza walimu, nimeuliza vijana wa chumba cha video sokoni, nimeuliza viongozi wa vyama vya akina mama, nimeuliza watu waliotoka Salamabila na vijiji vya Kabambare. Hakuna hata mmoja aliyeiona. Wengi hawajasikia hata jina la mtu huyu. Katika chumba cha video, penye televizio moja na grupe inayokohoa moshi, tunaangalia mpira wa Ulaya, sinema za Nigeria na Wachina wanaopigana juu ya miti. Mtoto wa Wamaza anajua majina ya wachezaji 11 wa Manchester, lakini hajui kwamba kuko mtu wa Kisangani aliyepeleka kilio cha watu wenye magongo mpaka mwisho wa dunia.

Nasema hii ni aibu. Na aibu hiyo haimuhusu Dieudo. Aibu ni ya serkali yetu, ya televizio ya taifa, ya wale wanaojiita wasimamizi wa utamaduni katika jimbo, na ya mashirika ya kiutu yanayozunguka hapa na magari makubwa.

Nianze na serkali, kwa sababu ndiyo yenye jina na mihuri. Tuna Wizara ya utamaduni. Tuna divisheni ya utamaduni katika jimbo. Tuna RTNC, ambayo inaishi kwa pesa ya taifa. Sababu gani mtu wa Kongo anapata zawadi Paris, na televizio ya taifa haimfanyi kuwa mtu wa kila nyumba? Watajibu: hakuna pesa. Wakati wa Wabeligiji, hapakuwa na simu za mkononi wala pano za jua vijijini. Hata hivyo mapadri na utawala wa kikoloni walizungusha sinema kwa motokari mpaka vijijini, wakafunga kitambaa cheupe kati ya miti miwili, watu wakakaa chini na kuangalia. Walituonyesha walichotaka tuone: michezo ya kuchekesha kama ile ya Matamata na Pilipili, na mafundisho ya kuwa mtu mtiifu. Ikiwa mkoloni alipata njia ya kuleta sinema kijijini ili atufundishe kutii, serkali ya wenye nchi inashindwa vipi kuleta sinema ili tujue kudai? Au labda jibu liko ndani ya swali lenyewe. Raia aliyeona watu wa Kisangani wamekaa mbele ya Bunge anaweza kuuliza kesho: na mimi mlango wangu ni upi?

Tena si mara ya kwanza. Mweze Ngangura, mtoto wa Bukavu, alifanya « La Vie est belle » pamoja na Mbeligiji Benoît Lamy mwaka 1987, na Papa Wemba akiwa ndani. Mwaka 1999, filamu yake « Pièces d'identités » ilipata zawadi kubwa ya Afrika kule Ouagadougou, farasi wa Yennenga. Leo muulize kijana wa Kasongo, Mweze ni nani? Atafikiri ni mchimbaji wa dhahabu wa Namoya. Nchi inazaa watu, kisha inawasahau kabla hawajafa.

Sasa nije kwa wanaokuja hapa na kamera. Hapo nitaongea bila kuficha, kwa sababu kazi yangu ni sauti na picha, na ninaona jinsi inavyofanywa.

Kila mara watu wakikimbia mapigano kati ya jeshi na Maï-Maï, baada ya siku chache magari yanafika. Wanashuka na kamera. Wanatafuta mama mwenye mtoto aliyekonda zaidi. Wanamwambia asogee kwenye jua. Wanamuuliza mambo mawili: ulikimbia nini, na unahitaji nini? Mama anajibu kwa Kiswahili kwa dakika kumi: jina la kijiji chake, siku waliyoingia, nani alikufa, shamba lilikuwa na nini, nyumba ilikuwa na vyumba vingapi. Mkalimani anageuza yote kwa maneno matano: « anasema ana njaa ». Wanapanda gari, wanakwenda. Picha ya mama huyo itaonekana katika kalenda, katika ripoti, katika mkutano wa hoteli. Yeye mwenyewe hataiona. Hatajua kama ilileta magunia ya unga kumi au elfu moja. Mara nyingine hata bashi lenyewe halifiki.

Linganisha kazi hiyo na ile ya Hamadi. Yeye anakaa. Anakwenda na watu katika chombo, anashinda nao njaa, anangoja nao mbele ya mlango uliofungwa. Na jambo kubwa kuliko yote: anawaonyesha wakidai. Wapendwa wasomaji, mtu anayedai si mtu anayeomba. Anayeomba anainamisha kichwa na kungoja huruma ya mwingine. Anayedai anasema: kitu hiki ni changu, hapa kuna siku, hapa kuna majina, hapa kuna mahakama iliyokata neno. Kamera za magari makubwa zinatugeuza wote kuwa waombaji. Kamera ya mtoto wa Kisangani iliwaacha watu wakiwa wadai, hata walipokuwa wamekaa chini bila miguu.

Najua maneno ya kupinga. Niyajibu.

Kuko wanaosema: mtu aliyekimbia anahitaji unga, si sinema. Kweli, anahitaji unga. Hakuna anayekula filamu. Lakini niulize: ni nani aliyesema lazima kuchagua? Unga unaisha siku tatu. Ushuhuda ukipotea, unapotea moja kwa moja, na nitaeleza chini ni pesa gani inapotea pamoja nao. Halafu, wanaosema hivyo wenyewe wana televizio nyumbani na mpira kila jumamosi. Wanaona kwamba fikra ni za wenye kushiba, na mwenye njaa awe tumbo tu.

Kuko wanaosema: huyu anaonyesha aibu yetu kwa wazungu. Aibu gani? Mtu aliyekatwa mguu na bomu la jeshi la kigeni hana aibu. Mama aliyebakwa hana aibu. Mwenye aibu ni aliyefanya, na anayeficha. Tumezoea hapa kwetu mambo ya binti aliyebakwa kumalizwa kwa mbuzi wawili na chupa ya pombe kati ya familia mbili, ati ili jina la ukoo lisiharibike. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 inasema mbakaji anafungwa miaka 5 mpaka 20, haisemi mbuzi. Kama « Maman Colonelle » ingeonyeshwa katika kila sehemu, na wazee wakaa mbele na kuangalia, labda mbuzi wangebaki zizini na mbakaji angekwenda jela.

Kuko wanaosema: anafanya biashara na mateso ya watu, amekuwa tajiri. Mtengenezaji wa filamu za ukweli Afrika anatafuta pesa Ufaransa, Ubeligiji na kwingine, kwa sababu kwake hakuna anayempa. Kama tungetaka awe na deni kwetu, tungemlipa sisi. Serkali isiyotoa franka haina haki ya kulalamika kwamba kazi ya mtoto wake inalala katika makabati ya Ulaya. Na hapo hapo nasema kwa watengenezaji wote wa sinema wa Congo, pamoja na yeye: wakati munapoandika mikataba na hao wazungu wenye pesa, mutie mstari mmoja, kwamba filamu itarudi kwa lugha ya watu walioonyeshwa, bila malipo, katika redio za jamii, masomo na mahali pa wakimbizi. Mstari mmoja tu. Watu wa Kisangani walitoa miguu yao kwa historia hii. Wasiombwe tena kulipa tiketi.

Sasa nieleze pesa, kwa sababu mambo ya ushuhuda si maneno ya mashairi.

Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022, ile mahakama ya La Haye ilikata hesabu: Uganda ilipe dola milioni 325. Milioni 225 kwa watu walioumia na kufa, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa utajiri wa nchi ulioporwa. Kulipa ni mara tano, dola milioni 65 kila mwaka kuanzia 2022. Serkali ilikuwa imeweka mfuko wa kugawa pesa hiyo, FRIVAO, na makao yake ni Kisangani. Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyowafanya majaji waamue. Majaji walifuata karatasi za mawakili. Lakini pesa ilipoingia, swali likawa: waathirika ni akina nani? Chama kilichokuwa na orodha kilikuwa na jibu. Na wote waliona hatari: mwezi wa 9 mwaka 2025, aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa Kinshasa miaka 3 ya kazi za nguvu katika kesi ya dola milioni 19 zilizotolewa katika mfuko huo kwa kujenga jela Kisangani. Yeye alikana. Lakini musikie vizuri: pesa ya watu wenye magongo, na mazungumzo ni ya jela. Pesa ya waathirika bila waathirika wenye sauti ni nyama iliyoachwa na paka.

Na sisi wa kusini mwa Maniema? Sisi hatuko katika hukumu ile. Huku kwetu ilikuwa RCD na Rwanda nyuma yake. Congo ilishitaki Rwanda pia, lakini tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka 2006 mahakama ilisema haina uwezo wa kuhukumu kesi hiyo. Haikusema Rwanda haina kosa. Ilisema mlango huo haufunguki. Basi sisi hatuna miliari ya kufuata mtoni. Na vita vilivyofuata, vya vikundi hivi vya silaha vilivyozaliwa humu humu, havina hata jina katika vitabu.

Lakini kuko mlango mwingine. Sheria namba 22/065 ya tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2022 inasema waathirika wa ubakaji wa vita na wa makosa makubwa dhidi ya watu wana haki ya kulipwa fidia. Mfuko wake unaitwa FONAREV, na sheria inaupa asilimia 11 ya redevance ya madini, ile kodi ambayo makampuni yanalipa kwa kuchimba. Sisi tunaokaa karibu na dhahabu ya Namoya tunaweza kuelewa hesabu hiyo bila mwalimu. Ili uhesabiwe, ni lazima utambulike. Ili utambulike, lazima uweze kusema: nilikuwa mahali fulani, siku fulani, lilitokea jambo fulani, na huyu na yule wanaweza kushuhudia. Wazee wanakufa. Watoto waliozaliwa njiani hawajui jina la kijiji chao. Kila mwaka tunaokaa kimya, tunafuta jina moja katika orodha ambayo haijaandikwa bado.

Ndiyo maana nasema kazi ya Dieudo Hamadi inawahusu. Miaka zaidi ya kumi ametuonyesha jinsi inavyofanyika: kaa na watu, sikiliza mpaka mwisho, acha waseme kwa lugha yao, fuata madai yao mpaka mlangoni. Hiyo haihitaji Cannes. Goma, vijana wa Yole!Africa walijifunza kushika kamera katikati ya vita na volkano. Hapa tuna redio, tuna simu, tuna vijana waliomaliza shule na wanaoshinda wakicheza karata.

Basi madai yangu ni haya, na nayaandika wazi ili mtu asiseme hakusikia.

Kwa gavana wa jimbo na divisheni ya utamaduni: muandikie watengenezaji wa filamu hizi, muombe ruhusa, na kabla ya mwaka kwisha zionyeshwe Kindu, Kasongo, Kabambare, Salamabila na hapa Wamaza. Vifaa ni projektere moja ndogo, betri, pano ya jua na shuka jeupe. Pikipiki moja inabeba vyote. Gharama yake ni ndogo kuliko karamu moja ya kumpokea mkubwa kiwanjani.

Kwa RTNC: nunueni haki ya kuonyesha, mutie sauti ya Kiswahili, na muonyeshe saa ambayo watu wana moto wa umeme, si saa sita za usiku.

Kwa mashirika ya kiutu: picha iliyochukuliwa hapa irudi hapa. Mukija na kamera mara ya pili, muanze kwa kuonyesha ya mara ya kwanza.

Na kwenu, mama zangu na baba zangu muliokimbia: kamera ikifika, musikimbilie jua. Mumuulize anayeishika: wewe ni nani na unatumwa na nani? Picha itaonyeshwa wapi? Naweza kukataa na bado nipate bashi langu? Hilo ni haki yenu. Msaada haununuliwi kwa uso wa mtu. Mama aliyebakwa asionyeshe uso wake wala jina lake, na mtoto vilevile. Aliyetoka mahali ambapo wenye silaha bado wako asitaje njia aliyopita. Lakini mambo yenyewe yasipotee: mukae kwa kijiji, wale wa kijiji kimoja pamoja, muchague mtu mwenye kuandika vizuri na mwenye siri, aandike katika kaye majina, siku, mahali, wafu, nyumba, mashamba. Kaye moja ibaki kwa mzee, nyingine mahali pengine pa usalama, maana moto unajua kula karatasi. Watu wa Kisangani hawakuanza na filamu. Walianza na orodha.

Na ninyi vijana wenye simu kubwa: badala ya kujipiga picha mbele ya pikipiki ya mwingine, muketi na bibi yenu jioni moja, mumuulize alikimbia mara ngapi katika maisha yake. Murekodi mpaka anyamaze mwenyewe. Musimkatize. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya kazi ya Hamadi, na haina primu.

Mwenye filamu hizo na mwenye ruhusa ya kuzionyesha, ajue kwamba ukuta wa redio tayari umepakwa chokaa upande wa barabara, na wenye viti watakuja na viti vyao.